Kadi ya Katekista

Katekista wa parokia ile alikuwa na jina zuri la mtakatifu, lakini waumini walimwita Kadi Iko Wapi, na walimwita hivyo akiwa ameshapiga kona. Ukienda ofisini kwake kumwandikisha mtoto abatizwe, kabla hujaketi ataiulizia kadi ya ubatizo ya msimamizi. Ukienda kuomba ndoa, kadi iko wapi. Mzee mmoja alifiwa na mkewe, akaingia analia, akaulizwa kadi ya marehemu. Mzee akajibu kwamba marehemu ndiye aliyejua alikoiweka.

Mtu asimdhanie ubaya. Jumatatu aliwapelekea wagonjwa komunio kwa baiskeli. Jumatano alipatanisha majirani waliogombana. Ijumaa alipanga zamu za kufagia kanisa, kisha akafagia mwenyewe zamu za waliokosa kufika. Jumamosi alifundisha watu wazima waliotaka kubatizwa. Alifanya hayo miaka ishirini na tisa bila kuugua, maana hakuwa na mtu wa kumwachia funguo za kabati la vitabu. Ila kwenye taratibu alikuwa jiwe. Fundi mwashi mmoja, aliyekuwa akiishi na mchumba wake, alikuja kuomba ndoa akaambiwa ahamie kwanza kwa kaka yake miezi mitatu, hadi mafundisho yaishe. Mwashi akasema kaka yake anakoroma. Katekista akasema kukoroma si kizuizi cha ndoa.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu za watumishi wa altare, sare za kwaya, na kila kitambaa cheupe kilichotandikwa kanisani, na cherehani yake ilikaa dirishani sebuleni ili isipoteze mwanga. Walikuwa na miaka thelathini na tatu ya ndoa, watoto watatu waliokwisha kwenda kujitegemea, na mazoea ya kutosemeshana kabla ya chai. Alimwita mumewe Mwalimu, kama parokia nzima ilivyomwita akiwa anasikia.

Balaa lilianzia kwa shangazi yake katekista, bibi wa miaka tisini asiyetoka tena nyumbani. Jumatatu moja, baada ya komunio na sala, shangazi akauliza kwa nini kitukuu wake amekataliwa ubatizo.

"Msimamizi wake hana kadi, Shangazi."

"Si unamjua? Si ulimfundisha mwenyewe?"

"Kumjua namjua. Kadi ndiyo sijaiona. Ubatizo si mchezo."

Shangazi akaweka kikombe chake chini polepole. "Usinifundishe mimi ubatizo," akasema. "Wewe mwenyewe hujabatizwa."

Katekista alizaliwa pacha, na siku ya ubatizo wao mama yao alikuwa bado hoi kitandani, kwa hiyo ni shangazi aliyewabeba wote wawili hadi kanisani. Huyu mmoja alikuwa amelia siku tatu mfululizo bila kupumzika. Walipofika kanisani akalala. Shangazi akamlaza kwenye benchi, akampeleka nduguye, akabatizwa. Padre akasema, mwingine. Shangazi akamtazama aliyelala, akakumbuka zile siku tatu, akajua moyoni kwamba hamwamshi hata ashuke malaika. Akambadilisha shali yule aliyekwisha batizwa, akampeleka tena. Padre akamshika mtoto kichwa, akasema mbona huyu ameshalowa. Shangazi akasema ni jasho.

"Miaka sitini na moja, Shangazi! Mbona hukusema?"

"Kila nikitaka kusema, nakuta umepanda cheo. Mara mtumishi wa altare, mara mwenyekiti wa vijana, mara katekista. Nikasema basi, nitangoja astaafu."

Katekista alikuwa bado na wagonjwa wawili wa kuwapelekea komunio, nayo ilikuwa kifuani mwake, ndani ya kikopo kidogo cha dhahabu. Akatoka nje, akasimama na baiskeli yake. Hakujua kama anaruhusiwa hata kuibeba komunio. Mwishowe alitembea akiisukuma baiskeli hadi parokiani, mkono mmoja kifuani, akimpita kila aliyemwamkia. Alikuwa anaogopa, na hakuwa ameogopa kitu tangu utoto.

Paroko alikuwa kijana aliyefundishwa komunio ya kwanza na katekista huyuhuyu, na mpaka leo akimwona hukaa wima. Alisikiliza habari yote bila kucheka, jambo lililomgharimu sana.

"Mwalimu, hili ni dogo. Twende sakristia, maji yapo. Dakika mbili."

"Na mafundisho?"

"Mafundisho gani? Si unayatoa wewe?"

"Kinyozi hajinyoi, Padre. Nitakaa darasani kama wengine." Kisha akaiona shida nyingine, kubwa zaidi. "Na ndoa yangu?"

Paroko akajikuna kichwa. Akasema ndoa ya mbatizwa na asiyebatizwa, iliyofungwa bila ruhusa, ina walakini, lakini askofu anaweza kuirekebisha kwa barua tu, bila sherehe, bila mtu kujua.

Katekista akaenda nyumbani kumweleza mkewe. Alimweleza kwa utaratibu, kwa vifungu, kama anavyofundisha. Mkewe alikuwa anapinda pindo la kitambaa cha altare, na hakusimamisha cherehani mpaka alipofika mwisho wa mshono.

"Kwa hiyo," akasema, "miaka yote hii nimekuwa nikimpikia jirani."

"Si hivyo, mama watoto. Askofu ataandika barua—"

"Yule mwashi ulimwambia nini?"

Katekista akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni.

"Nakuuliza, Mwalimu. Mwashi, yule wa kaka yake anayekoroma."

"Nilimwambia ahame hadi mafundisho yaishe."

"Na kaka yako wewe anakaa wapi?"

Alihamia kwa pacha wake siku hiyohiyo, na begi moja. Pacha alikuwa dereva wa lori, mtu mcheshi ambaye mara ya mwisho kukanyaga kanisani ilikuwa harusi ya katekista, naye aliondoka kabla ya baraka. Alipoelezwa kwamba amebatizwa mara mbili, alifurahi kupita kiasi. Akasema ndiyo maana siku zote akitenda dhambi hujihisi ana akiba. Kisha akamwonyesha nduguye pa kulala, na akamwomba radhi mapema kwa ajili ya kukoroma.

Jumapili iliyofuata katekista alisimama kusoma matangazo. Alitangaza mwavuli mweusi uliosahauliwa, alitangaza zamu za usafi, akasoma majina ya wanaojiandaa kwa ubatizo. Jina la tano lilikuwa lake. Alilisoma kwa sauti ileile ya mwavuli. Mtu mmoja nyuma akakohoa, kikohozi kirefu ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Yule alikuwa mwashi.

Darasani alikaa benchi la mwisho. Sista aliyeshika nafasi yake alivumilia kusahihishwa mara mbili, ya tatu akamwambia mwanafunzi ajaye na maswali anyooshe mkono. Akanyoosha mkono miezi mitatu. Kila Jumamosi baada ya darasa alipita nyumbani kwake, akasimama mlangoni, akauliza kama kuna kinachohitajika. Mkewe akasema hakuna. Sista alifundisha mambo mengi, lakini hili la kusimama kwenye mlango wako mwenyewe bila kujua kama utakaribishwa halikuwamo kwenye kitabu. Ya nini kuficha? Alimkumbuka mkewe hadi chai ikawa haina ladha.

Wiki ya ubatizo mkewe alimwita. Wabatizwa wote walihitaji shati jeupe, na mshonaji wa parokia ni mmoja. Angeweza kulikata shati la mumewe akiwa amefumba macho. Hata hivyo alichukua futi, akampima mabega, akampima mikono, akaandika vipimo kwenye daftari la wateja, akasema, "Njoo Ijumaa." Katekista akasema asante, fundi.

Shangazi aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alimshika katekista mkono tangu mlangoni, na hakuuachia hadi maji yalipomwagika kichwani, asije akapelekwa mwingine. Kadi ilipoandikwa, paroko alimkabidhi mwenyewe. Katekista aliisoma mbele na nyuma, akakuta tarehe imekosewa, akairudisha.

Ikabaki ndoa. Paroko akarudia habari ya barua ya askofu, mkewe katekista akasema yeye si wa kutumiwa barua. Basi katekista akatoa fomu ya ndoa kabatini, akaijaza kwa mwandiko wake mzuri, akaipeleka nyumbani alasiri. Mkewe alikuwa kwenye cherehani. Akamwambia asome, mikono yake ina kazi.

Akasoma. Majina. Wazazi. Vizuizi, hakuna. Akafika kifungu cha saba: Je, unaingia katika ndoa hii kwa hiari yako? Mbele ya swali, upande wa bibi harusi, palikuwa na neno Ndiyo.

Cherehani ikanyamaza.

"Hilo nani ameandika?"

"Mimi. Huwa naandika kabla, ili kuokoa muda. Foleni ya Jumamosi inakuwa ndefu."

"Katekista wa wakati ule naye aliandika kabla," akasema mkewe. "Nilipoingia ofisini nilikuta wino umeshakauka. Baba yangu na wewe mlikuwa mnazungumzia mvua."

Katekista akatazama neno lile. Mwandiko ulikuwa wake, ulionyooka, usio na shaka. Akahesabu kichwani Jumamosi za miaka ishirini na tisa, na mabinti waliokaa mbele yake wameshika mikoba mapajani, naye akiwajibia mmoja mmoja. Alikuwa amewadai kadi wote. Hili moja hakuwahi kuwauliza. Aliona haya mpaka masikio.

Akaikunja ile fomu, akatoa nyingine tupu mfukoni, maana hakuwa mtu wa kutembea na fomu moja. Akapiga magoti chini, penye vipande vya vitambaa, kwa sababu kiti kingine kilijaa sare za kwaya. Akaiweka juu ya meza ya cherehani, na kalamu juu yake.

"Mama watoto," akasema. "Unaingia kwa hiari yako? Ukisema hapana nitarudi kwa kaka yangu, na nitaiandika hapana kama ulivyosema."

Mkewe alikata uzi. Akavaa miwani. Akaisoma fomu yote tangu juu, hata pale pa muhuri, na katekista aliyezoea kuharakisha watu akangoja, magoti yakiuma. Kisha akachukua kalamu, akaandika. Nafasi ilikuwa ya neno moja, yeye akaandika matatu, la mwisho likapita nje ya mstari. Katekista alikuwa amewarudishia watu fomu kwa kosa dogo kuliko hilo.

Akasoma: Safari hii, ndiyo.

Akasoma tena. Furaha ilimjaa, halafu katikati ya furaha akaliona lile neno la kwanza na la pili.

"Na ile ya kwanza?" akauliza.

"Ile ya kwanza hakuna aliyeniuliza." Akavuta kitambaa, cherehani ikaanza tena. "Sogea kidogo, Mwalimu. Umepigia magoti mkono wa kanzu ya padre."