Salamu ya Urundi

Juzi stendi ya Ushirombo nilimwona bibi wa Kirundi akimkumbatia mjukuu wake, mtoto akapiga yowe. Nilimwelewa.

Mimi nilizaliwa Urundi, nikalelewa hapa na Mama wa Kisumbwa. Siku moja alinipeleka kule nikawaone ndugu wa damu. Kwetu huku mtoto anapiga magoti, anaamkia, basi. Shangazi yangu alinikumbatia, akinukia moshi na samli, akawa ananipapasa mabega tu haniachii. Nikajua nimerudishwa.

"Mama, usiniache!"

"Nyamaza. Ndiyo salamu yao."

Shangazi akacheka. "Mtoto wetu mmemfanya Msumbwa!"

Mama hakucheka. Alikuwa amelikamata gauni langu kwa nyuma, na hakuliachia mpaka tulipoaga.