Habari za Asubuhi Kutoka Tartu

Saa saba kamili mchana, mjini Tartu, Estonia, Maarika Lepasaar anasukuma kando sahani yake ya viazi na samaki wa chumvi, anapokea simu. "Habari za asubuhi, Darlene," anasema.

Huko Wisconsin, Marekani, ni saa kumi na moja alfajiri, na Darlene Voight anaingia bandani kukamua ng'ombe wake.

Maarika, 52, anahudumia wateja wa Lehmakell, kampuni changa ya watu tisa inayotengeneza mikanda ya shingoni ya ng'ombe. Mkanda husikiliza mnyama anavyocheua. Akipunguza, simu ya mfugaji inalia kabla ugonjwa haujashika.

Zamani alikamua ng'ombe kwa miaka kumi na tisa, mpaka bega likagoma. "Daktari aliniambia nikirudi bandani, mkono huu niusahau," anasema. Hapa analipwa euro 1,450 kwa mwezi, tena ameketi.

Leo kiti hicho kinatikisika. Majaribio ya Darlene, mteja wao pekee Marekani, yanaisha leo. Akirudisha mikanda, tawi la huko linafungwa, na kazi ya Maarika inakwenda nalo.

Mteja pekee? Walijidanganya wenyewe. Mwezi Februari, mkurugenzi Rasmus Kivistik, 29, alizungukia wafugaji kumi na wawili wa Wisconsin, na wote wakamwambia bidhaa yake ni nzuri ajabu. Hapa Tartu, mtu akikusifu hivyo ujue keshatia mkono mfukoni kutoa pesa. Rasmus akarudi, akanunua keki ya kusherehekea.

"Tukala keki, tukasubiri simu," Maarika anasema. "Wiki sita, kimya. Kumbe wenzetu wanasifu kama watu wanavyosalimia. Na sisi hata salamu tunazibania."

Mwishowe Darlene peke yake ndiye aliyepiga simu, akachukua mikanda thelathini kwa majaribio ya miezi mitatu. Mumewe, Wayne, alikuwa amefariki wiki mbili kabla. Tangu hapo hupiga kila alfajiri akikamua: siku ya kwanza aliuliza habari za betri. Siku ya pili, betri tena. Kufika wiki ya tatu hakuna aliyetaja betri. Husikilizana tu, mashine ya kukamua ikivuma, na Maarika hana haraka ya kuujaza ukimya.

Leo Darlene anauliza moja kwa moja: "Mwenzangu, ungekuwa mimi, ungenunua?"

Rasmus, aliyesimama nyuma ya kiti, anaacha kutafuna.

"Mkanda hausikii kwato mbovu," Maarika anajibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Macho yako bado yanahitajika. Ila usiku utalala. Umechoka, Darlene. Nakusikia."

"Dada, umetumaliza," Rasmus ananong'ona, mikono kichwani.

Upande wa pili pua inavutwa.

"Nataka ng'ombe wangu wavae wote, mia moja na arobaini," Darlene anasema. "Ila uje wewe uwavishe. Tangu Wayne aondoke, hakuna mwingine anayeniamkia."

Maarika hajapanda ndege maishani. Atasafiri Septemba, na orodha ya mizigo keshaiandika: mkate mweusi, buti za mpira.

"Marekani buti zipo, dada," Rasmus anamtania.

"Zipo. Si zangu."

Akiulizwa anachokitamani zaidi huko, anafikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Miezi mitatu namwamkia, kwangu ni mchana," anasema. "Nataka siku moja nimwambie habari za asubuhi, na kwangu pia iwe asubuhi."