Gemu ya Kabatini na Gemu ya Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata bisibisi. Fundi Mkuu, mtu mfupi wa Tanga aliyevaa koti jeupe kama daktari, alinikalisha mbele ya mashine ya gemu, akanipa kitambaa na kusema, "Anza kwa kufuta mikono ya watu." Alikuwa na maana ya jasho. Ukumbi ule wa Posta ulikuwa na mashine tisa, na ikifika saa nane mchana vipini vyote vilikuwa vinateleza kwa jasho la makarani waliokimbilia kucheza wakati wa chakula.

"Ukimaliza kufuta, cheza," akaongeza.

"Nicheze, fundi? Mimi nimekuja kufanya kazi."

"Binti, fundi wa redio asiyesikiliza muziki, wewe utampa redio yako?"

Nikacheza. Nilikufa ndani ya dakika moja, na karani mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akasema, "Huyu ndiye fundi mpya? Basi tumekwisha."

Nieleze kidogo, maana wengi mnaosoma hapa hamkuziona mashine hizo. Tuliziita makabati kwa sababu ndivyo zilivyokuwa: kabati la mbao lenye skrini, vipini na tundu la kutumbukizia sarafu. Ndani yake ilikaa bodi, sahani pana iliyojaa vifaa vya umeme, na bodi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya gemu moja tu. Ukitaka gemu nyingine kwenye kabati lilelile, unachomoa bodi na kuweka nyingine. Nguvu zote za bodi zilikuwa za gemu ile, haikugawana na yeyote.

Mashine ya nyumbani ilikuwa kitu kingine. Ni kiboksi kilichokaa chini ya televisheni, na kilitakiwa kicheze kila gemu ambayo ungeichomekea kaseti yake. Kwa hiyo gemu ikipendwa ukumbini, watengenezaji waliiandika upya ili itoshe kwenye kiboksi. Sisi tuliita kazi hiyo kuhamisha gemu. Na aliyewahi kuhama nyumba ya vyumba vitano kwenda chumba na sebule anajua lazima kuna makochi yatakayobaki kwa jirani.

Hayo makochi yaliyobaki ndiyo yaliyokuja kuwa kazi yangu.

Nilikaa Posta miaka miwili, nikijifunza kulehemu na kubadilisha swichi za vipini. Kisha mwenye kampuni akanihamishia Kariakoo, kwenye duka lake lililokuwa karibu na Mtaa wa Msimbazi. Tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa Mhindi wa Upanga, mtu wa sauti ya chini, aliyefika dukani kila asubuhi akiwa tayari ametoka hekaluni na alama nyekundu bado mbichi kwenye paji la uso. Wakati huo televisheni ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia majumbani huku Bara, na kila aliyenunua televisheni alitaka na kiboksi cha gemu. Tatizo ni kwamba watu walicheza Posta, wakaipenda gemu, wakaja Kariakoo kununua kaseti yake, na kesho yake wakarudi na kelele kwamba wameuziwa feki.

"Si feki," Mkurugenzi aliniambia siku niliyoripoti. "Ni ileile, lakini imepungua. Mteja hakasiriki kwa sababu imepungua. Anakasirika kwa sababu hatukumwambia. Wewe utamwambia."

Hivyo nikawa mlinganishaji. Sijasikia mwingine aliyepewa cheo hicho. Kwenye chumba cha nyuma niliwekewa kabati moja tupu la kuchomekea bodi, na pembeni yake kiboksi cha nyumbani na televisheni. Nilicheza gemu ya kabatini, kisha ileile ya nyumbani, na nilichokiona nikakiandika kwa mkono kwenye kadi iliyobandikwa juu ya boksi la kaseti. "Adui watatu kwa mara moja badala ya sita. Hatua ya msituni haipo. Sauti ya mtangazaji imeondolewa. Mchezo wenyewe ni mtamu." Mteja aliisoma kabla ya kufungua pochi.

Nilijifunza mahali pa kutazama. Wahusika wa nyumbani huwa wafupi. Rangi ya machweo, ambayo kabatini ina ngazi nyingi za machungwa, nyumbani inakuwa michirizi mitatu. Wakijipanga wengi kwenye mstari mmoja wanaanza kupepesa, kwa sababu kiboksi hakiwezi kuwachora wote pamoja, kwa hiyo kinawaficha kwa zamu. Kasi niliipima kwa saa yangu ya mkononi. Gemu nyingi za mbio zina saa kwenye skrini, lakini hiyo usiiamini hata kidogo: gemu ikizubaa, na saa yake inazubaa nayo. Unatazama sekunde sitini za gemu zimechukua sekunde ngapi za mkononi.

Baada ya miaka minne kadi zangu zilijulikana Kariakoo nzima. Wenye maduka madogo walikuja kuuliza, "Dada wa gemu amesemaje?" kabla ya kuagiza. Sitaficha, nilijisikia.

Sasa nimtaje Mama Ndeshi. Alikuwa Mchaga, muuzaji wa jumla mtaa wa pili kutoka kwetu. Alianza na vitenge, akaingia kwenye betri na redio, kisha akaona njia ya gemu. Kawaida alinunua kutoka kwetu na kupeleka Moshi, Arusha na Mwanza. Mwaka ule akaamua kusafiri mwenyewe hadi Dubai, akarudi na makasha ya kaseti za aina moja: gemu ya mbio iliyokuwa inapendwa kuliko zote pale Posta. Jina lake halisi lilikuwa la Kijapani na hakuna aliyelijua. Mtaani iliitwa Gari Jekundu. Mtaji wake wote aliuingiza humo, na wenye maduka wakamwambia watachukua kaseti mara kadi yangu ikitoka.

Akaniletea kaseti moja mwenyewe. "Andika ukweli, mwanangu," akasema. "Mimi nimeiona Dubai kwa macho yangu. Gari linaruka."

Kaseti ilikuwa pana, haikuingia kwenye kiboksi changu cha kupimia. Kiboksi kile kilikuwa cha Kijapani, na wakala wa Mkurugenzi alizoea kututumia sampuli za Kijapani, nyembamba, ndipo baadaye zinakuja za kuuza zenye umbo pana linaloingia kwenye mashine za huku. Mama Ndeshi hakupitia kwa wakala, kwa hiyo sampuli haikuwepo. Sikuona tabu. Nikachukua kiboksi cha kawaida kwenye rafu ya duka, nikachomeka, nikacheza.

Gari halikuruka. Lilitambaa. Muziki nilioujua Posta ulikuwa umelegea kama mtu anayeimba huku anasinzia. Nikapima: sekunde sitini za gemu, sabini na mbili za mkononi. Nikarudia mara tatu, sabini na mbili. Nikaandika: "Imehamishwa vibaya. Ni nzito mwanzo hadi mwisho. Anayeipenda ya kabatini asiinunue."

Kufika Ijumaa hakuna duka lililochukua hata kaseti moja.

Jumatatu Mama Ndeshi aliingia dukani bila kubisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini? Wewe dada, umenizika nikiwa nazungumza."

"Mama, nimeandika nilichokiona."

"Na mimi niliona nini kule? Nilikuwa naota? Nilisimama dukani kwa Mwarabu nikaangalia gari linakwenda vuuu, hadi nikashika meza!"

"Labda ilikuwa gemu nyingine."

"Nina watoto watatu shuleni na umri wa kukuzaa wewe, halafu unaniambia sijui gari jekundu na gari lingine?" Akageuka kwa Mkurugenzi aliyekuwa amesimama mlangoni. "Baba, msichana wako akikosea, nani anamwandikia yeye kadi?"

Mama Ndeshi alipoondoka, Mkurugenzi akaniuliza taratibu, "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi nenda kamwambie Fundi Mkuu, umsikie."

Nilikwenda Posta nikiwa nimekasirika, kwa sababu niliona sina cha kuulizwa. Fundi Mkuu alikuwa amelala chali chini ya kabati, miguu ndiyo inayoonekana. Nikaieleza miguu yake kila kitu.

"Sabini na mbili," ikasema sauti ya chini ya kabati. "Kila mara?"

"Kila mara."

"Penye magari mengi?"

"Sabini na mbili."

"Na penye barabara tupu?"

"Sabini na mbili." Nilikuwa nimepima kote, na kote ilikuwa sawa.

Akatoka chini, akakaa sakafuni. "Gemu iliyohamishwa vibaya inachoka penye kazi. Magari yakijaa inakokota, barabara ikiwa tupu inapumua. Hii yako imechoka sawasawa kila mahali. Hiyo si gemu, binti. Kuna kitu nje ya gemu kinachoishika. Uliipima kwa kiboksi gani?"

Nikamwambia. Akafunga macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga msumari.

Ni hivi. Televisheni haioneshi picha moja inayosogea, inachora picha nyingi haraka haraka. Za Japani zilikuwa zinachora mara sitini kwa sekunde. Mfumo wa kwetu ulikuwa mara hamsini. Na gemu za siku zile zilihesabu hatua zao kwa picha: picha moja, hatua moja. Gemu iliyoandikwa kwa mara sitini, ukiileta kwenye mashine ya mara hamsini bila kuirekebisha, inapoteza hatua kumi kila sekunde. Sekunde sitini zinakuwa sabini na mbili, bila kuzidi wala kupungua. Kule Dubai muuzaji alimwonesha Mama Ndeshi kwa mashine ya Kijapani na kaseti yake nyembamba.

"Kwa hiyo Gari Jekundu ni nzuri," nikasema.

"Ni nzuri. Lakini hilo ni dogo. Nyingine zote ulizozisifu, ulizipima kwa kiboksi gani?"

Zote nilikuwa nimezipima kwa kiboksi cha Kijapani, na televisheni yetu ya dukani ilikuwa ya mifumo yote, haikulalamika. Miaka minne niliwaandikia watu kasi ambayo hawakuwahi kuiona majumbani mwao. Ya Mama Ndeshi peke yake ndiyo niliyoipima kama mteja atakavyoicheza, na ndiyo peke yake niliyoiangusha.

Nilirudi Kariakoo kwa mguu. Nilitaka njia iwe ndefu.

Mkurugenzi alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea anifukuze. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ukiniandikia kadi mpya, wenye maduka watasema Mama Ndeshi kanunua kadi," akasema. "Kosa lilitoka mbele ya watu. Nenda ulitoe mbele ya watu."

Kesho yake asubuhi nilibeba kiboksi cha kawaida na televisheni hadi dukani kwa Mama Ndeshi, kwenye kibaraza, wenye maduka wakiwa wamejaa. Nilichomeka kwanza gemu ya pikipiki, ambayo mwaka uliotangulia niliiandikia "kasi ni ileile ya kabatini," na wengi wao walikuwa nayo kwenye rafu. Nikawapa saa yangu wapime wenyewe. Sabini na nne.

"Ehee!" mmoja akapiga kelele. "Si ulisema hii inapaa?"

"Nilisema. Nilikosea." Nikachomeka Gari Jekundu kwenye mashine ileile. Sabini na mbili, barabara ikiwa tupu au imejaa. Nikawaeleza mara hamsini na mara sitini, polepole, hadi muuza betri wa jirani akawa anawaeleza wengine. Nikamalizia, "Kati ya gemu zote za mbio nilizopima, hii ndiyo iliyohamishwa vizuri zaidi. Niliionea. Na Mama Ndeshi aliona sawasawa kule alikokwenda."

Mama Ndeshi alikuwa amekaa juu ya kasha, mikono kifuani. "Semeni, mnachukua au mmekuja kuangalia tivii ya bure?"

Walichukua. Si wote siku ile, lakini makasha yalikwisha kabla ya mvua za masika. Mimi ilinichukua miezi saba kuzipima upya gemu zote za dukani kwa mashine ambazo watu walikuwa nazo. Sikuomba nipunguziwe.

Ukumbi wa Posta ulifungwa, na makabati mawili niliyakuta baadaye mtaa wa Gerezani yakiwa yametolewa matumbo na kugeuzwa meza. Fundi Mkuu alirudi Tanga na koti lake. Duka likageukia biashara ya simu, mimi nikawekwa kaunta ya matengenezo, na nikastaafu huko. Siku hizi Kariakoo wanauza vimashine vya mkononi vyenye gemu maelfu, za kabatini na za nyumbani pamoja, na vijana wananiuliza ipi ndiyo yenyewe. Ninapenda wanavyouliza. Nawaambia wacheze zote mbili, watazame bila haraka, na kabla ya kumwambia mtu kwamba chake ni kibovu, wamuulize anakichezea kwenye nini.

Siku ya kuniaga kazini, Mama Ndeshi alikuja na fimbo, na kaseti moja kwenye pochi. Kumbe alibakisha moja, na miaka yote hiyo alikuwa anacheza mwenyewe nyumbani Jumapili baada ya ibada. Sikuwahi kujua. Nikaona nimpe zawadi. Nilikuwa na kiboksi nilichokiwekea swichi kwa mkono wangu, ukiipandisha kinakwenda mara sitini. Nikapandisha. Gari likaruka, muziki ukachangamka, vilevile kama alivyoliona Dubai.

Alitazama kidogo, akatikisa kichwa.

"Hii wameiharakisha."

"Mama, hii ndiyo yenyewe. Ndiyo uliyonigombea."

"Najua niliyokugombea. Punguza." Akanyoosha kidole kwenye skrini, mbali nyuma ya barabara, palipochorwa mlima wenye theluji kileleni. "Ukikimbia hivi, mlima nitautazama saa ngapi?"

Nikashusha swichi. Akachukua kipini, nami nikakaa pembeni yake, tukaenda taratibu.