Mkwe Aliyeshindwa Kumkosoa Mama Majalada

Saa mbili kasoro robo asubuhi, karani wa masjala ya hospitali anafuta miwani kwa ncha ya mtandio, anavuta kiti na kuikabili skrini nyeusi isiyo na picha wala cha kubofya. Anaandika amri kwa vidole viwili, midomo ikitamka kila herufi. Anabonyeza kitufe cha mwisho na majina yanaporomoka kama maharage yaliyomwagika.

“Hawa wote hawana tarehe ya kuzaliwa,” anasema. “Kwa mujibu wa kompyuta bado hawajazaliwa. Na mmoja namwona kliniki kila Jumanne.”

Ana miaka hamsini na sita, amebakiza minne astaafu. Wenzake humwita Mama Majalada, maana jalada moja likipotea, chakula hakipiti. Mwezi uliopita mkuu wake alimpa wiki mbili kusafisha orodha ya wagonjwa elfu thelathini na nane. Asipomaliza, kazi wangepewa watu wa nje, naye angehamishiwa stoo ya mashuka.

“Kwa mkono nilikuwa nakagua mistari mia mbili kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.”

Nilipiga. Ni siku mia moja na tisini, bila kuugua hata mafua.

Msaada ulitoka kwa mume wa bintiye, fundi wa kompyuta. Alimletea awk, lugha fupi ya kuandikia amri: unaiambia itafute nini kwenye faili, nayo inapita mstari kwa mstari na kukuletea. Kijana ni mwalimu hodari. Shida ni adabu, anayo kupita kiasi. Kumwambia mama mkwe kwamba amekosea, heri ameze wembe.

Siku ya kwanza mama alisahau kufunga alama ya nukuu. Kompyuta ikakaa kimya, ikingoja amalizie. Mkwe akainamisha kichwa.

“Mama, nadhani mashine imechoka.”

Mama, mtu wa huruma, akaizima, akaifunika kitambaa, akaiacha siku tatu.

“Mimi nikichoka nalala,” anajitetea. “Nikaona nayo ni haki yake.”

Kasheshe yenyewe ilikuja Jumatano ya wiki ya pili. Aliiamuru kompyuta isome orodha, kisha majibu iyaandike kwenye faili lile lile. Kabla haijasoma chochote, ikalifuta. Watu elfu thelathini na nane, kwisha. Akampigia mkwe simu, akamsomea alichoandika. Mkwe akajibu kwa upole.

“Mama, tumshukuru Mungu kwa yote.”

“Nikajua kuna msiba,” anasimulia. “Nikamuuliza, ni nani?”

Binti akampokonya mumewe simu. “Mama, faili umelifuta mwenyewe. Majibu yanawekwa faili jingine. Nakala unayo?”

Alikuwa nayo. Kwa miaka thelathini hajawahi kugusa karatasi halisi kabla ya kutoa nakala, na faili hili nalo alilihifadhi kwenye flashi. Hata hivyo aliogopa, wala hafichi.

“Nilijiona nahesabu mashuka mpaka nizeeke. Nikamwambia mkwe, baba, adabu yako itanipeleka stoo. Kuanzia leo nikikosea, sema.”

Jioni mkwe alikuja. Ilibidi augeukie ukuta ndipo aweze.

“Mama, umekosea.” Akanywa maji. “Na mstari wa pili pia.”

Alhamisi amri ilimaliza orodha nzima kabla mama hajakaa vizuri kitini, naye akadhani imegoma. Kumbe ilishamletea mistari mia tatu na kumi na miwili yenye upungufu. Aliifuatilia kwenye majalada, mmoja mmoja, hadi Ijumaa saa kumi jioni. Mkuu akachomoa majalada ishirini, akalinganisha na orodha, akayakuta yote sawa.

Kiti amebaki nacho, na sasa amepewa orodha ya jengo la pili. Ndoto yake ni moja.

“Siku yangu ya mwisho nitaiambia itafute mstari wowote wenye kasoro, nibonyeze, kisitoke kitu. Hapo nitachukua mkoba wangu niende nyumbani.”

Na kama kitatoka?

“Ukitoka hata mstari mmoja, sistaafu.”