Mkanda wa Bendi Uliojaa Wageni

Baba yangu, Efraimu Pallangyo, alipiga video za harusi hapa Arusha kwa miaka ishirini na saba. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha kupanga Kaloleni, na mimi, Lydia, mwanawe wa pekee, nilikulia humo katikati ya nyaya na mikanda. Kabla sijajua kusoma nilishajua kuketi kimya watu wakila kiapo.

Kazini alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo aliipata kwa machungu. Mwaka wake wa kwanza, mama mmoja wa Kichaga alimrudishia mkanda wa harusi ya mwanawe. Bwana harusi alionekana, bibi harusi alionekana, keki ndiyo usiseme. "Shangazi yangu yuko wapi?" mama akauliza. "Mtu ametoka Machame na ndoo ya pombe ya mbege, halafu hayumo? Nitamwambia nini?" Tangu siku hiyo baba hakumwacha mtu. Kamera yake ilipita meza kwa meza: kamati, wapishi, walioegemea ukuta, mpaka mlinzi wa getini. Aliyekuja lazima aonekane kwamba alikuja. Wateja walimpenda kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Na kwa sheria hiyo hiyo akampoteza rafiki yake.

Rafiki huyo ni Mzee Peter Laizer. Wakati wa ujana wao walipanga chumba kimoja na kuazimana mashati. Peter alikuwa mpiga gitaa la solo wa Mawingu Band, vijana watano wa hapa hapa mjini waliopiga roki miaka ya sabini, na suruali zao pana za bugaluu na viatu vya raizoni vya soli nene, mchana wa Jumapili, wazazi wao wakiwaombea kanisani. Bendi ilivunjika mwaka 1978. Mmoja alikwenda jeshini, mwingine akahama, waliobaki wakawa na watoto wa kulisha. Mwaka 1994 walikubaliana kukutana jukwaani mara moja tu, alasiri moja, katika ukumbi mmoja wa Kaloleni. Peter alimwambia baba, "Kamera ishike wewe. Mwingine simwamini."

Baba akaishika, na akafanya kama alivyozoea. Alionyesha bendi ikipanda jukwaani, akaionyesha ikiinama kusalimu watu, kisha akaigeuzia mgongo na kuanza kuzunguka kwa wageni.

Wiki iliyofuata bendi nzima ilijibana studio kutazama. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa chini ya meza. Ikafika ile solo ya Peter, ambayo watu waliizungumzia sokoni siku tatu. Ilisikika yote, na kwenye skrini mama mmoja mnene alikuwa anamalizia paja la kuku, kwa utulivu mkubwa. Peter akainuka.

"Nilikuita upige bendi, wewe umepiga walaji wa kuku," akasema, akatoka. Hakungoja uishe.

Mwaka uliofuata mpiga ngoma wao alifariki, kwa hiyo kosa la baba halikuwa na dawa. Peter alihamia Oldonyo Sambu, kwao, akafuga ng'ombe na kulima maharage. Mkewe, Hanna, alipofariki mwaka 1998, baba alikwenda kuzika. Alisimama nyuma, akarudi mjini bila kuambiwa hata karibu chai. Walipokutana kwenye misiba mingine Peter alimpa ncha za vidole na kupita. Baba alikunja mkanda ule kwenye fulana, akausukuma nyuma ya kabati, na hakuutazama tena. Lakini uzee ulipomwingia, alianza kusema wazi mezani: "Sitaki nife Peter hajanisamehe." Alisema hivyo Krismasi, Pasaka, na siku yoyote ambayo nyama ilikuwa laini.

Mimi nina saluni Elerai, na saluni huleta watu. Mmoja wao ni Violet, ambaye kazi yake ni kuokoa mikanda ya zamani na kuiingiza kwenye kompyuta. Nilimpelekea mkanda bila kumwomba baba ruhusa. Ulikuwa umeota ukungu mweupe. Violet aliufungua, akausafisha kwa mkono pole pole, akauhamishia kwenye ganda jipya la kaseti, kisha akakaa wiki tatu akirudisha rangi. Alipomaliza alikuja kumweleza baba mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Sauti imetoka safi, hata mimi nimeshangaa."

"Marahaba mwanangu. Na picha?"

"Picha nazo ni safi. Ila bendi yenyewe... inaonekana dakika kumi na moja."

"Kati ya saa mbili," baba akasema. "Lydia, unataka nimpelekee Peter aibu yangu baada ya kuifua?"

Nilimwambia aibu chafu ndiyo mbaya zaidi. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alivaa koti lake la kanisani, nikajua tunakwenda.

Tulifika Oldonyo Sambu pamoja na Violet Jumamosi asubuhi, upepo ukipiga na vumbi limejaa mpaka kwenye meno. Mzee Peter alitupokea kwa adabu, ile adabu ya kumpokea mtu wa sensa. Alitupa chai ya maziwa, akaitikia shikamoo zetu, akamwuliza baba kuhusu magoti yake. Hakuuliza zaidi. Violet akaunganisha kompyuta na televisheni.

Muziki ulipoanza Mzee Peter alifumba macho. Vidole vyake vya kushoto vikawa vinatembea juu ya goti, vikikumbuka vyenyewe. Baba alitazama sakafu. Ikaja solo, akaja na yule mama wa kuku, sasa ana rangi zake zote, hata mafuta kwenye kidevu yanang'aa. Niliuma mdomo nisicheke. Kamera ikamwacha, ikapita kwa kamati, ikapita kwa wapishi, ikafika mlango wa nyuma. Hapo alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani, kanga mabegani, hakuketi kama wengine. Alikuwa anaimba.

Mzee Peter alikuwa amefumbua macho.

"Simamisha," akasema. Violet akasimamisha. "Huyo ni Hanna."

"Ni yeye," baba akajibu. "Alisimama pale pale tangu mwanzo. Kabla hamjashuka jukwaani akaondoka."

"Wewe ulijua alikuja?"

"Peter, mimi nilimpiga picha. Nilidhani na wewe unajua."

Mzee Peter akaongea akimwangalia mkewe kwenye skrini, si sisi.

"Asubuhi ile tuligombana. Aliniambia gitaa limemla ujana wake, na kwamba hatakanyaga ukumbini. Niliporudi nilimkuta jikoni anapika loshoro ya mahindi na maziwa mgando. Nikamwuliza ameshindaje. Akasema alikuwa nyumbani. Hanna alikuwa na kiburi, na mimi nilikuwa nacho, sikuuliza tena. Nimemzika nikiamini hakuja."

Nje ng'ombe walikuwa wanalia wakitaka maji.

"Cheza tena," akamwambia Violet. "Anzia mlangoni."

Hanna akaimba tena. Hakukosa neno hata moja, akatikisa kichwa pale gitaa lilipopanda, na mwishoni akajifuta macho kwa pindo la kanga huku akicheka. Mzee Peter aliinuka kwenye kiti chake, akaja kuketi karibu na baba kwenye kochi dogo lile, wazee wawili wamebanana. Akamshika mkono, safari hii wote.

"Ashe oleng, ndugu yangu," akasema. "Asante sana." Machozi yakamtoka baba bila aibu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya mgeni na mwenyeji.

Mzee Peter hakumwachia mkono. Macho yake yalikuwa bado mlangoni kwa Hanna.

"Ungefanya kazi niliyokutuma, Efraimu," akasema, "leo ningekuwa najitazama mwenyewe."