Maboksi Matano ya Kiongoroni

Niliporudi Kibiti na diploma yangu ya elektroniki, hapakuwa na fundi mwingine barabara nzima ya kusini aliyeweza kusoma mchoro wa saketi. Wanaosema najisifu wanitajie mmoja. Nilisoma jioni, mchana nikibeba mizigo Kariakoo, na hakuna ndugu aliyenishika mkono. Diploma niliitundika ukutani kwenye kibanda changu, mahali ambapo mteja angeiona kabla hajaniona mimi.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Redio kaseti, jenereta ndogo na spika za kila aina zilishushwa kwenye mabasi ya Dar mbele ya kibanda changu, nyingi zikiwa zimeshatumika Ulaya au Uarabuni. Wakati huohuo viwanda vilikuwa vikifungwa na bendi zake zikivunjika. Mpiga gitaa mmoja, mtu wa Kiongoroni, alirudi kwao kutoka kwenye bendi ya namna hiyo. Bendi ilipovunjika kila mwanamuziki alichukua alichoweza kubeba. Yeye alipata kichwa cha amplifaya, yaani mashine yenyewe ya kukuza sauti, bila maboksi yake ya spika. Alikileta kwangu kimeviringishwa kwenye mkeka.

Kilikuwa kichwa cha zamani, cha taa za kioo zinazokuza sauti, si cha transista. Nyuma kilikuwa na matundu matatu ya kuchomekea spika: omu nne, omu nane na omu kumi na sita. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Nilimweleza kwamba kichwa na maboksi lazima vikubaliane kwa kipimo hicho. Omu za maboksi zikiwa chache mno kwa tundu lile, mashine inasukuma umeme kupita uwezo wake. Na waya ukikatika kabisa wakati anapiga, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Transfoma ile usingeipata Kibiti, wala Dar.

Akaniuliza kama ningekubali kwenda naye kwao. Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa mwali, amewekwa ndani, na siku ya kutolewa ilikuwa imekaribia. Nilikubali. Mafundi wengine walikuwa wakiogopa kufuata kazi kwenye visiwa vya mikoko. Mimi siogopi mahali ambapo mita yangu ya kupimia umeme inafika.

Zamani kule, kila upande wa ndugu wa mwali ulikuja na ngoma yake, na kila ngoma iliyoletwa ilipigwa. Ngoma ikiletwa isipigwe, walioileta wameambiwa mbele ya watu kwamba si ndugu. Spika zilipoingia, watu waliziacha ngoma nyumbani wakaja na maboksi, lakini desturi ilibaki ileile.

Tulipofika tulikuta maboksi manne yamepangwa uani. Mwenye jenereta alikuwa amekwisha kusokota nyaya zote pamoja, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, tayari kuzichomeka kwenye tundu moja. Nilipima. Kila boksi lilikuwa la omu nane, na manne yakiunganishwa sambamba namna ile zinabaki omu mbili, chache kuliko tundu dogo kabisa. Nikazifumua nyaya zote na kusema yatapiga maboksi mawili tu.

"Mawili ya nani?" akauliza bibi yake mwali, mama wa mpiga gitaa, ambaye ndiye aliyekuwa na amri katika ua ule.

"Mawili yoyote, bibi."

"Hapa hakuna yoyote. Kila kasha lina watu wake. Au huko ulikosoma ndugu walichaguliwa kwa hiyo mita?"

Wanawake waliokuwa wakikuna nazi wakacheka mpaka mmoja akaweka nazi chini. Nilikaa na kalamu yangu kwa muda mfupi tu, kisha nikaunganisha mawili kwa mfululizo, moja baada ya jingine, omu kumi na sita, na mawili mengine vivyo hivyo, halafu jozi hizo mbili nikazikutanisha sambamba. Zikawa omu nane kamili. Mpiga gitaa akajaribu, yote manne yakalia. Bibi akasema kumbe kule nako wanafundisha. Nilichukulia kuwa ni shukrani.

Adhuhuri ilikuwa imepita alipoingia baba wa mwali. Alikuwa amemwacha mama wa binti miaka mingi nyuma akahamia upande wa Utete, na hakuna aliyemtarajia. Alikuwa amebeba kichwani kasha la majani ya chai ambalo ndani yake alikuwa ameweka spika ya gari. Alisalimia, akaliweka mwisho wa mstari, akasimama kando yake. Nililipima: omu nne.

Mpiga gitaa alinivuta pembeni. Nikamwambia kwamba boksi la omu nne likiingia sambamba na yale, litavuruga kipimo chote. Akaniagiza nimpelekee shemeji yake waya, uonekane, lakini ndani nisiuunganishe na kitu. Nilifanya hivyo. Nimefanya kazi nyingi nzuri maishani. Ile haikuwa mojawapo.

Muziki ulipigwa kwa muda. Watu walikuwa wakicheza, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, kiganja chake kikiwa juu ya karatasi ya spika. Sikio linaweza kudanganywa katika kelele za maboksi manne. Kiganja hakidanganyiki, kwa sababu karatasi ya spika inayofanya kazi hutetemeka. Adhana ya alasiri ilipokaribia na gitaa likanyamaza, alinijia.

"Fundi, langu limelala."

Nikaanza kumwambia habari za sauti nzito na sauti nyembamba. Alinisubiri nimalize.

"Kama ni kosa la spika, niambie, nililileta bovu. Kama ni kosa langu mimi, niambie pia. Lakini nitolee huo waya kabla mwanangu hajatoka. Asinikute nimekaa na kasha bubu."

Nilimwambia ukweli, kwamba waya wake haukuunganishwa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuswali na wenzake.

Mwali angetolewa mara tu baada ya swala. Nilirudi kwenye kalamu. Boksi lile halikuweza kuingia sambamba, lakini hakuna kilicholizuia kuingia kwa mfululizo, mbele ya yote. Nane na nne ni kumi na mbili. Kwenye tundu la kumi na sita zingekuwa chache kidogo, taa zingechoka mapema, ila transfoma ingesalimika. Tatizo lilikuwa jingine. Kwa mpango huo umeme wa maboksi yote ungepita kwanza katika spika ya gari iliyo ndani ya kasha la chai. Theluthi nzima ya nguvu ingeishia humo.

Mpiga gitaa aliporudi kutoka msikitini nilimchorea ardhini.

"Likikatika hili la shemeji?" akauliza.

"Yote kimya. Na kama unapiga kwa nguvu, transfoma yako imekwenda."

Alikitazama kichwa chake cha amplifaya. Hakuwa na kazi nyingine duniani isipokuwa ile mashine. Kisha akamtazama shemeji yake, aliyekuwa amesimama uani na viatu mkononi, hajui akae wapi.

"Mtoto ni wake," akasema. "Unganisha. Nitapiga taratibu."

Bibi alipoona waya unapita kwenye kasha la chai kwanza, aliuliza kwa nini aliyekuja mwisho awekwe mbele. Mwanawe akamjibu kwamba ni mambo ya omu. Bibi akasema hizo omu hazina adabu, akaenda kumwandaa mjukuu wake.

Mwali alipotolewa, maboksi yote matano yalilia. Nilisimama muda wote mkono ukiwa kwenye swichi, nisile wala nisikae, nikisikiliza kasha la chai lilivyoanza kukwaruza. Mpiga gitaa hakukigusa kamwe kitufe cha kuongeza sauti. Baba alikuwa ameweka kiganja palepale. Binti hakuruhusiwa kuinua uso, lakini wanaomcheza walipomzungusha mbele ya maboksi, mguu wake ulichelewa kidogo penye kasha la baba yake, na bibi akamwacha bila kumkemea.

Transfoma haikuungua. Jambo hili peke yake lingetosha kuniletea wateja, na lilileta.

Ila tangu hapo, kila mwali anapotolewa katika vijiji vile, boksi la baba huunganishwa mbele, na mengine hufuata. Nimekwenda mara kadhaa kuwaeleza kwamba ile haikuwa kanuni, ilitokana na omu za siku ile, na kwa maboksi mengine wanaweza kuunguza mashine ya mtu. Nimewachorea. Wananikaribisha, wananipa kiti, wananisikiliza kwa adabu zote. Kisha wanaliweka la baba mbele.