Kanzu ya Kompyuta

Kompyuta yetu haikuzimika kwa kishindo. Kioo kilikuwa kimejaa maandishi ya kijani, herufi zikaanza kutetemeka kidogo, kisha kioo chote kikawa cheusi. Kabla sijasema neno, baba alikuwa ameshainuka kwenye kochi na kuchomoa waya ukutani.

Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba yetu na ya karibu kila nyumba niliyoijua pale Rwezamenyo. Umeme ukiyumba, chomoa. Usiulize wala usichungulie, chomoa kwanza. Umeme wa Kigali miaka ile uliondoka kimya na kurudi kwa hasira, na kila familia mtaani ilikuwa na radio au friji ya kuombolezwa. Ya kwetu ilikuwa radio ya baba, iliyofuka moshi katikati ya mpira. Tangu siku hiyo baba hukaa upande wa plagi, na mgeni akikalia nafasi yake huombwa kwa adabu asogee.

Ilikuwa mwaka 1991. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Butare na nimerudi nyumbani kusubiri kazi ya serikali, ambayo haikuonekana kuwa na haraka nami. Kompyuta niliachiwa na mhadhiri wangu Mbelgiji, alipofunga virago baada ya vita kuanza kule kaskazini. Nilikuwa nikimchapia makala zake, na hakuweza kubeba kila kitu. Ilikuja na printa, kibodi iliyopangwa kwa Kifaransa, disketi chache, na hofu yangu kwamba siku moja angeandika kuitaka irudi.

Tuliiweka sebuleni, kwenye meza ya dirishani. Nyumbani kwetu kitu hakikai uchi. Makochi yana vitambaa vyao vya kufuma, radio ina chake, hata chupa ya chai ina kofia. Mama ni fundi cherehani. Kesho yake alikuja na futi shingoni, akakipima kioo cha kompyuta kuanzia paji la uso mpaka kisogoni, na jioni kikawa na vazi la satini ya bluu lenye bitana nene na lesi ukingoni. Mbele aliweka pazia la kukunja juu wakati wa kazi. Baba, ambaye Kiswahili chake amejifunzia sokoni, alilizunguka mara mbili.

"Umeishonea kanzu," akasema. "Sasa iko Mwislamu. Tupige simu kwa imamu."

"Usinichafulie na mikono ya mafuta," mama akamjibu.

Wiki chache baadaye kompyuta ile ilipata kazi ya maana. Kule Nyakabanda kilikuwapo kituo kidogo cha kuwafundisha wasichana ushonaji, na mwalimu wao alikuwa ameolewa akahamia Gisenyi. Mama alitaka nafasi ile. Hakusema sana, lakini nilimwona akipita na magauni ya wateja njia ndefu ili tu apite mbele ya kituo. Alikuwa ameshona barazani kwetu tangu kabla sijazaliwa, amekaa, ameinama, na mgongo ulikuwa umeanza kumlalamikia. Alitaka, alisema, kufanya kazi akiwa amesimama.

Mkuu wa kituo, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimwambia ukweli. Walikuwapo waombaji wenye vyeti. Mama hakuwa na cheti chochote. Lakini kama angeleta masomo yake yameandikwa, yamechapwa vizuri, kila msichana aweze kuwa na nakala, basi Jumatatu ya kufungua muhula angemfikiria sawa na wengine.

Mama anasoma vizuri. Kuandika ndiko kunakomchosha, kwa sababu mkono wake umezoea chaki kwenye kitambaa na kila herufi anaichora kubwa kama sketi. Kwa hiyo tulipatana kwamba yeye atasema na mimi nitachapa. Mimi, binti wa fundi, ambaye kifungo nilichokishona hakijawahi kudumu wiki, ndiye niliyekabidhiwa masomo ya ushonaji.

Tulianza baada ya sala ya adhuhuri, yeye akiwa amesimama nyuma yangu tayari kama mwalimu.

"Andika. Kabla hujashika mkasi, mtazame mteja."

"Nimtazame vipi, Mama?"

"Siyo wewe, namwambia msichana wa kituoni. Mtazame mteja anavyosimama. Bega moja huwa liko chini. Watu wote bega moja liko chini. Andika."

"Watu wote?"

"Hata wewe. La kushoto."

Nilikaa wima. Mpaka leo nikipita mbele ya kioo naangalia bega langu la kushoto.

Tuliandika vipimo, tukaandika kifua na kiuno, tukafika kwenye mkono. Somo la mkono lilikuwa fahari ya mama, kwa sababu mafundi wengi hukosea hapo na nguo ikambana mtu kwapani. Alikuwa ameanza tu kueleza jinsi ya kuzungusha shimo la bega, herufi zikatetemeka, kioo kikawa cheusi, na baba akachomoa.

Kazi yote ikapotea. Sikuwa nimehifadhi kitu. Niseme sababu, ingawa ni ya kipuuzi: sikupenda kuhifadhi jambo ambalo halijakamilika. Niliona kama kumfungia mtu mlango akiwa amevaa kiatu kimoja.

"Si neno," mama akasema. "Tuanze tena. Hata hivyo hapo kwenye kiuno nilisema vibaya."

Kesho yake ikazimika kwenye mkono. Siku iliyofuata, kwenye mkono vilevile. Hapo ndipo akili yangu ilipopata chakula. Mtu mwingine angesema mashine ni mbovu, akaenda kulala. Mimi nilikaa kitandani nikipanga sababu kama sahani kabatini. Huenda ni umeme, lakini taa ya sebuleni haikuyumba. Huenda ni kile kirusi cha kompyuta tulichokuwa tukikisikia chuoni, kwa hiyo nikazifunga disketi kila moja kwenye kitambaa chake, zisigusane, kana kwamba zina surua. Huenda nilikuwa nikibonyeza vibaya kibodi ya Kifaransa. Na sababu iliyonitia aibu hata kuifikiria: huenda neno lenyewe "mkono" lilikuwa na kitu ambacho kompyuta haikukipenda.

Nilimwambia mama tuanze na somo la mkono.

"Kwa nini?"

"Nataka kujua."

Mkono ukaenda vizuri mpaka mwisho. Ikazimika kwenye kola.

"Iko choka," baba akasema akiwa na waya mkononi. "Hata mimi nachoka. Sasa naweza kukata gauni nikiwa nimefumba macho."

"Basi niambie shimo la bega linakatwaje," mama akamchokoza.

"Linazungushwa kama bakuli, siyo kama sahani."

Mama alicheka mpaka akakaa. Ni yeye aliyekuwa amesema hivyo, siku moja kabla, na ilikuwa kweli.

Niliamua kuhifadhi mara kwa mara, hata kama sentensi haijakamilika. Ilinigharimu moyo lakini nilifanya. Siku hiyo kioo kikazimika wakati taa ndogo ya disketi bado inawaka, baba akachomoa, na tulipowasha tena kompyuta ilikataa kuisoma disketi ile. Iliniandikia kwa Kifaransa, kwa adabu, kwamba haijui nazungumzia nini.

Nililia kidogo bafuni. Sikulilia kompyuta. Niliona tayari Jumatatu, mama amevaa gauni lake la kijivu, amesimama mbele ya yule mama mwenye miwani akiwa mikono mitupu kwa sababu yangu. Niliona anarudi barazani na kuinama tena, na miaka kumi baadaye mgongo wake, na mimi nikiuangalia. Nilishawaza mpaka daktari wa mgongo.

Mama aligonga mlango.

"Unafanya nini humo?"

"Nanawa."

"Nawa haraka. Nimepata njia nzuri ya kueleza kola."

Hili sikuliona wakati ule kwa sababu ya wasiwasi, lakini siku zile zilikuwa nzuri. Kila mara tulipopoteza kazi mama aliisema upya, na kila mara ilikuwa fupi na safi zaidi. Maneno ya ziada yalidondoka yenyewe. Somo la kwanza la kiuno lilikuwa refu kama shairi la harusi. Lile la mwisho hata mimi ningeweza kulifuata. Wateja waliokuja kuchukua nguo walikaa kwenye mkeka kusikiliza, wakajadili mabega yao, wakasahau kuondoka. Chai haikukatika.

Jumapili mchana masomo yote yalikuwa ndani ya kompyuta, mapya, kuanzia bega mpaka pindo. Tulikuwa tumeanza asubuhi, jua likiwa bado upande wa pili wa nyumba, na kwa muujiza fulani kioo kilikuwa kimevumilia. Nilihifadhi kwenye disketi nyingine huku nimeshika pumzi. Kisha nikaunganisha printa, ambayo sikuwa nimeigusa hata mara moja tangu tuanze, kwa kuogopa kuharibu karatasi.

Nikaamuru ichape. Printa ikakohoa, ikaanza. Kelele zake zilikuwa kama cherehani iliyopandwa na hasira, na karatasi ndefu yenye matundu pembeni ikaanza kupanda polepole. Mstari wa kwanza: kabla hujashika mkasi, mtazame mteja. Mama aliweka mkono mdomoni.

Kisha herufi za kijani zikatetemeka na kioo kikawa cheusi.

Baba aliinuka. Mkono wake ulikuwa umeshaifikia plagi. Na printa haikusimama. Ikamaliza mstari, ikarudi, ikaanza mwingine.

"Baba, acha," nikasema.

"Umeme..."

"Acha, nakuomba. Sikiliza."

"Mwache mtoto," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya kumwambia mteja asitikisike.

Tukasimama watatu, baba akiwa ameinama na vidole vyake kwenye plagi, hapumui. Printa iliendelea. Kiuno kikatoka, kifua kikatoka. Ukafika mkono, na shimo la bega lililozungushwa kama bakuli, zima zima, huku kioo kikiwa cheusi kama sufuria. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi gizani. Haikuwa imekufa hata siku moja. Kilichokuwa kikizimika ni kioo peke yake, na sisi ndio tuliokuwa tukiiua, kwa desturi njema ya nyumba.

"Kumbe iko mzima," baba akasema, taratibu, bado ameinama.

"Unaweza kuiachia plagi," nikamwambia.

"Nitakaa hapa hapa kwanza."

Nilipanua kiganja nikakiweka juu ya kioo, juu ya satini ya bluu. Nikakiondoa haraka. Palikuwa moto kama pasi. Chini ya bitana ile, juu na mgongoni, kioo kilikuwa na matundu mengi membamba ya kupumulia, na kila moja lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa kizuri, kilichokatwa kwa vipimo sahihi, bila nafasi hata ya kupitisha sindano. Jua la mchana la dirishani lilimalizia.

Sasa nikawa na tatizo jipya. Nitamwambiaje? Lile vazi lilikuwa zawadi. Nilianza kutafuta maneno: nisingizie jua peke yake, au niliondoe kimyakimya niseme nimelifua. Nilikuwa nimefika kwenye uongo wa tatu mama aliposogea, akaweka mkono wake pale nilipoweka wangu.

Akaingiza vidole viwili chini ya lesi, akavitoa.

"Haina kwapa," akasema.

"Mama?"

"Nimeibana. Wiki nzima nakwambia usimbane mtu kwapani, na mimi nimeibana kompyuta." Akaanza kucheka, kwanza kwa tumbo, bila sauti. "Nawe unaniangalia tu."

"Nimejua sasa hivi."

"Umejua na ukaanza kufikiri namna ya kuniambia. Nakufahamu."

Baba, kutoka chini kwenye plagi, aliuliza kama kanzu itavuliwa. Mama alisema nguo haitupwi kwa sababu fundi amekosea, inatengenezwa.

Jumatatu alikwenda Nyakabanda na gauni lake la kijivu. Karatasi alizitenganisha mwenyewe, akachana kingo zenye matundu kwa unyofu ambao mimi na rula tusingeuweza. Nilimsubiri barazani nikipanga majibu mabaya kwa mpangilio wa ubaya. Alichelewa kurudi, na hilo nikalihesabu kuwa baya, kumbe alikuwa ananunua mandazi njiani.

Mkuu wa kituo alikuwa amesoma somo la mkono kwa sauti, mbele ya mwalimu mwingine, akasimama katikati na kugusa bega lake mwenyewe. Akamuuliza mama nani aliyemfundisha kueleza kwa maneno machache hivyo.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nyumbani kwangu mimi husema mara nyingi kabla hawajanielewa."

Alianza wiki ile ile. Jioni ya siku yake ya kwanza alirudi na chaki kwenye nywele, akakaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaniita. Kanzu ya bluu ilikuwa mapajani mwake. Alikuwa ameshachora kwa chaki, juu na mgongoni, mahali pa kufungua.

"Kata," akasema, akanipa mkasi.

"Mimi? Nitaharibu."

"Umeliandika somo la matundu ya vifungo mara ngapi? Kata. Halafu utazungushia uzi, kama ulivyoandika."

Nilikata. Nilizungushia uzi mpaka isha. Tundu moja lilitoka mviringo na jingine likatoka kama sikio la mbuzi, na mama akasema litatosha, kompyuta haiendi harusini. Tuliivisha, nikakunja pazia, nikawasha. Baba alikaa kwenye nafasi yake karibu na plagi akitazama kioo, mikono ameifungia kifuani ili isimponyoke, mpaka chai ikapoa na herufi za kijani bado zipo.